Chini ya Kapeti: Historia ya Ndani ya Ndege Ndogo Pwani ya Kusini

Anayetoka Lindi mjini kwenda kupanda ndege Kikwetu hushika barabara ya kaskazini, njia ya Mitwero, bahari ikiwa upande wake wa kulia. Upepo utokao huko una chumvi, na chumvi hiyo imeamua mambo mengi katika historia ya usafiri wa anga wa Lindi na Kilwa kuliko vitabu vinavyokiri. Vitabu hupenda injini, marubani na njia za safari: nani alitua wapi kwanza, kwa ndege ya aina gani, mwaka gani. Ndani ya ndege, yaani viti, sakafu, kuta, dari, kapeti, mikanda na gundi inayoshika hayo yote, huachiwa mafundi kana kwamba si sehemu ya historia. Hoja yangu ni kwamba katika pwani hii huko ndani ndiko mambo mengi yalikoamuliwa. Kwa zaidi ya miaka mia moja ndege ndogo zimedumu au zimekufa hapa kwa kadiri sehemu yake ya ndani ilivyotunzwa na kutengenezwa upya; na kila ilipotengenezwa upya, ilibadilika pia ni nani atapanda na ni mzigo gani utabebwa. Kukarabati ndani ya ndege, kwa watu wa kusini, hakujawahi kuwa pambo tupu.

Ushahidi wa kwanza ni wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwishoni mwa mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji, kaskazini mwa Kilwa, na Waingereza wakahitaji mtu wa kuitazama kutoka juu ya mikoko. Ndege ya kwanza kuletwa ilikuwa ya majini, aina ya Curtiss, iliyotoka Durban pamoja na rubani wake raia, H. D. Cutler, ikawa inaruka kutoka Nyororo, kisiwa kidogo jirani na Mafia. Rejeta yake ilipoharibika, iliyopatikana kuziba pengo ilikuwa ya gari la Ford kutoka Mombasa. Mapema mwaka 1915 zikaja ndege mbili za Sopwith, za mbao na kitambaa, nazo hazikuhitaji risasi ya Mjerumani ili zishindwe. Joto na unyevu viliilegeza gundi, mbao zikapinda, na injini katika hewa hii ya moto hazikuwa na nguvu ya kuinua ndege, mtazamaji na mabomu kwa pamoja. Baadaye ndege nyingine, zikiwamo Caudron na Henri Farman zilizorushwa kutoka kiwanja kilichofyekwa Mafia, ndizo zilizoelekeza mizinga ya meli za Kiingereza Severn na Mersey mpaka Königsberg ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Wanahistoria wa vita husimama kwenye tarehe hiyo. Mimi nasimama kwenye gundi. Ndege iliyoundwa kwa hewa ya Uingereza ilifika hapa na kugundua kwamba mambo madogo yaliyofichika ndani yake, yale ambayo mnunuzi wa Ulaya hakuyauliza, ndiyo yaliyoamua kama itaruka au itabaki ufukweni.

Kisa cha pili cha vita hivyo hivyo kinashangaza zaidi, ingawa chombo chenyewe hakikuwa ndege ndogo na hakikuwahi kufika. Mnamo Novemba 1917, wakati majeshi ya Kiingereza yaliyotokea Kilwa na Lindi yalipokuwa yamembana kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, kuelekea mto Ruvuma, Wajerumani walirusha meli ya anga L 59 kutoka Jamboli, Bulgaria, ikiwa imesheheni dawa na risasi. Haikupangwa kurudi. Kila kilichokuwa ndani yake kilichaguliwa kwa kazi ya pili itakayofuata ikishatua: kitambaa cha nje kiwe mahema, kile cha ndani kiwe bandeji na nguo, mifupa ya alumini iwe nguzo za vibanda na za redio, na ngozi iliyotandikwa kwenye njia ya kupita wahudumu iwe viatu. Ilipofika karibu na Khartoum tarehe 23 Novemba iliamriwa kwa redio irudi, na tarehe 25 ikatua Jamboli baada ya saa 95 na kilomita zipatazo 6,757. Siku hiyo hiyo ya tarehe 25 Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Basi hata wapangaji wa Berlin, ambao hawakuwahi kukanyaga Lindi, walijua kwamba chombo cha angani kikifika huku thamani yake itakuwa katika nguo yake, ngozi yake na kamba zake. Hilo ni wazo la fundi kabla halijawa la jemadari.

Miaka ya amani ilileta ndege za watu binafsi. Mnamo 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways mjini Nairobi, akianza na ndege aina ya Gipsy Moth. Katika Gipsy Moth hakuna ndani ya kuzungumzia: mashimo mawili ya kukalia, upepo usoni, mvua mapajani. Lililobadilisha mambo ni ndege zenye chumba kilichofungwa, kama vile Puss Moth ya 1930 na Leopard Moth ya 1933, ambamo abiria alikaa na koti lake la kawaida bila miwani ya upepo. Chumba kilileta viti vya kitambaa, sakafu yenye mkeka au zulia na kuta zilizopambwa. Kilileta pia tatizo ambalo ndege ya wazi haikuwa nalo. Ndege ya wazi ikilowa hukauka. Chumba kilichofungwa, kikiachwa juani kwenye kiwanja cha pwani, huhifadhi unyevu wote ulioingia na abiria, na mvua, na hewa ya usiku, kisha huupika. Ndiyo maana nasema starehe na uharibifu viliingia katika ndege kupitia mlango mmoja na katika mwaka mmoja.

Lindi yenyewe ilionja starehe ya kiwango kingine mwaka 1937, pale Imperial Airways ilipoanza kupeleka ndege zake kubwa za majini za Short hadi Durban. Njia ilishuka kutoka Kisumu hadi Mombasa, ikaja Dar es Salaam, kisha Lindi, kisha Kisiwa cha Msumbiji na Beira. Ndege yenye uwezo wa kuchukua abiria 24, yenye jiko lake, na sehemu ya kusimama abiria wakatazama chini, ikawa inatua kwenye maji ya hori ambamo mto Lukuledi humwagikia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuanzia 1940, njia hiyo ikawa mkono mmoja wa njia ndefu iliyotoka Durban ikazunguka kupitia Misri na India hadi Sydney. Sitaitumia sana hadithi hii, kwa kuwa anasa ile haikuwekwa kwa ajili ya Lindi. Lindi ilikuwa mahali pa kupumzikia kati ya vituo viwili. Lakini ina jambo moja la kukumbukwa. Walioziunda ndege hizo walijua kwamba zitakaa majini, hivyo wakaikinga alumini yake dhidi ya chumvi tangu kiwandani. Ndege ndogo zilizokuja baadaye, zilizokusudiwa kutua nchi kavu, hazikupewa kinga ya namna hiyo, japokuwa viwanja vyake viko hatua chache kutoka maji yale yale.

Ndege iliyoifanya pwani ya kusini iwe na usafiri wa anga wa watu wa hapa ni Dragon Rapide. East African Airways, lililoanza tarehe 1 Januari 1946, lilianza na Rapide sita, na katika miaka iliyofuata shirika hilo liliunganisha Dar es Salaam na Mafia, Kilwa, Lindi, Mtwara na Nachingwea, kwa ndege hizi na zile zilizozirithi. Inafaa tuiingie ndege hii. Ina mabawa mawili kila upande, injini mbili, na gurudumu dogo mkiani; kwa hiyo ikiwa chini hukaa imeinua pua, na abiria hupanda ndani yake kama mtu anayepanda mlima kuelekea kwa rubani. Viti ni sita hadi vinane, kimoja kimoja kila upande, na kila mtu ana dirisha lake. Kuta ni mbao nyembamba za plaiwudi zilizogandishwa, na nje yake ni kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza. Hakuna chuma cha kukimbilia: gundi ikifa, ndege imekufa. Nyingi kati ya ndege za mbao za miaka ya 1930 ziliunganishwa kwa gundi iliyotokana na maziwa, na gundi hiyo ni chakula cha ukungu. Mahali pa kuukuta ukungu ni chini ya sakafu, nyuma ya vitambaa vya kuta, kwenye kona ambazo maji ya viatu vya abiria hukusanyika. Kwa hiyo katika Rapide kuvua vitambaa vya ndani na kuvishona upya na kuikagua ndege ilikuwa kazi moja. Fundi aliyefunua ukuta ili abadilishe kitambaa kilichochanika ndiye aliyeuona ubao uliooza, na hakuna mwingine ambaye angeuona.

Hapa kuna kinaya ambacho siwezi kukipita. Vifaa ambavyo ulimwengu ulivitumia wakati huo kujazia viti, kushonea mazulia na kuziba kelele vilikuwa vinaota kusini. Mkonge, ambao mashamba yake yalitanda kaskazini mwa Lindi tangu enzi za Mjerumani, ulitengenezewa kamba na mazulia, na pedi za mkonge ziliwekwa juu ya springi za viti vya magari. Sufi, ambayo miti yake bado husimama pembeni mwa vijiji vya pwani, ilitumika kujazia maboya ya kujiokolea, na katika ndege za Douglas za miaka ya 1930 ilitiwa kwenye kuta ili kupunguza mngurumo wa injini. Ni nyepesi, hailowi upesi, na inaelea. Pwani hii, basi, ilikuwa muuzaji wa malighafi ya ndani ya vyombo vya usafiri, na wakati huo huo mnunuzi wa vyombo vilivyokwisha kujazwa kwingine. Hakuna kiwanda cha kushona viti vya ndege kilichojengwa karibu na mkonge. Serikali ya Uingereza ilikuwa tayari kumwaga mamilioni ya pauni katika mradi wa karanga wa Nachingwea kati ya 1947 na 1951, ikachimba bandari Mtwara na kulaza reli iliyokuja kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ufundi mdogo wa kutumia kilichokwisha kuota haukuwavutia.

Baadaye alumini ikashika nafasi ya mbao. Cessna 180 ilitoka mwaka 1953, 182 ikafuata, na katikati ya miaka ya 1960 ikaja 206, yenye milango mipana ya mizigo nyuma, ndege ambayo hadi leo ukitaja safari ya kiwanja cha udongo Afrika Mashariki, watu huiwaza kwanza. Ni rahisi kudhani kwamba alumini ilimaliza habari ya kuoza. Ilibadilisha rangi ya kuoza tu. Chukua ndege ya namna hiyo iliyolala miaka kadhaa kwenye kiwanja cha pwani, vua viti, kisha uinue kapeti. Mara nyingi kapeti ile ilibandikwa kwa gundi moja kwa moja kwenye sakafu, na chini yake kuna unyevu ambao haukupata pa kutokea. Nyuma ya paneli za plastiki, ambazo jua limezikausha mpaka zinavunjika zikiguswa, kuna mablanketi ya pamba ya kioo ya kuzuia kelele. Pamba hii ikilowa hushika maji kwenye bati la ndege wiki kwa wiki. Ongeza mchanga wa ufukweni, jasho, maji ya barafu yaliyovuja kutoka makasha ya samaki, na kumbuka kwamba viwanda vingi havikupaka rangi ya kinga upande wa ndani wa bati. Kinachotokea ni unga mweupe, kutu ya alumini, unaoinuka chini ya vichwa vya ribiti. Kwa nje ndege inang'aa kwa rangi mpya. Kwa ndani imekuwa nyembamba.

Jambo la viti ni zito vile vile. Viti vya rubani katika Cessna nyingi huteleza juu ya reli mbili, vikashikwa na pini inayoingia kwenye tundu. Tundu likilika, pini haishiki. Ndege inapoinua pua ili ipae, kiti hurudi nyuma pamoja na rubani, na mtu anayerudi nyuma huvuta kile alichokishika mkononi, yaani usukani. Watu wamekufa hivyo. Mwaka 1987 mamlaka ya anga ya Marekani ilitoa agizo la lazima la kukagua reli hizo, ukaguzi ambao hurudiwa kila saa mia moja za kuruka. Hebu fikiria reli hiyo katika kiwanja chenye mchanga mwembamba wa bahari, mchanga unaoingia na viatu vya kila abiria na kusaga chuma kila kiti kinaposogezwa. Anayesema kwamba viti ni habari ya ngozi na rangi hajawahi kuitazama sehemu yake ya chini.

Siasa nayo iliingia ndani ya ndege. Mapema mwaka 1977 East African Airways ilivunjika, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa mwaka huo huo, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mpaka Novemba 1983. Karakana kubwa ya shirika ilikuwa Embakasi, Nairobi. Mafundi wengi wa ndege ndogo walikuwa uwanja wa Wilson, Nairobi. Air Tanzania, iliyoundwa Machi 1977, ilirithi Twin Otter, ndege ambayo ilifaa viwanja vifupi vya kusini hasa kwa sababu viti vyake ni vyepesi na huondoka haraka mzigo unapokuja. Lakini kitambaa chenye cheti, mikanda, sponji, skrubu na paneli vilikuwa ng'ambo ya mpaka au ng'ambo ya bahari, na fedha za kigeni hazikuwapo. Katika nchi iliyokuwa ikitafuta fedha za kununulia mafuta na dawa, nani angesimama mbele ya Benki Kuu kuombea kapeti? Kisha mwaka 1986 Cessna yenyewe ikaacha kuunda ndege za injini moja za pistoni, isirudi tena mpaka miaka kama kumi baadaye. Kuanzia hapo mwenye ndege ndogo Tanzania hakuwa na njia mbili. Ndege mpya haikuwapo sokoni. Iliyopo ilikuwa imezeeka. Na kuifufua kulianzia ndani. Ukarabati, ambao Marekani ulikuwa hiari ya mwenye fedha, hapa ukawa ndiyo njia pekee ya kupata ndege.

Pingamizi la kwanza linalostahili kujibiwa ni la haki. Mtu atasema: hii ni habari ya wateule. Ndege binafsi zilikuwa za mabwana wa mashamba, maofisa, wawindaji, na siku hizi ni za watalii wanaokwenda kuangalia magofu ya Kilwa Kisiwani. Mkulima wa korosho wa Mitwero anahusikaje na ngozi ya kiti? Sikatai kwamba waliokaa kwenye viti hivyo walikuwa wachache. Lakini hesabu ya viti siyo hesabu ya waliohudumiwa. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa Rufiji mwaka 2003, anayetoka Lindi kwenda Dar es Salaam alingoja kivuko cha Ndundu, na masika ikichachamaa barabara ilifungwa kwa siku nyingi. Katika siku hizo barua, damu, chanjo, mshahara wa watumishi na mgonjwa mahututi vilipita juu. Madaktari wanaoruka, huduma iliyoasisiwa Nairobi mwaka 1957 na Michael Wood na wenzake wawili, ilisimama juu ya jambo dogo la ndani: kiti kiwe cha kutoka, machela iingie, na sakafu ioshwe damu bila maji kuingia chini yake. Kapeti nene ya kupendeza ni adui wa machela. Fundi anapochagua sakafu ngumu inayooshwa badala ya zulia, anachagua pia nani atapanda.

Pingamizi la pili ni la mhandisi. Ndege, atasema, huruka kwa injini na mabawa. Hakuna aliyewahi kuanguka kwa sababu dari imechanika. Nimekwisha kujibu kwa reli za viti, ila kuna jibu pana zaidi. Kila kinachoongezwa ndani kina uzito, na uzito huo una mahali pake. Ndege ya injini moja ikishajazwa mafuta hubakiwa na kilo chache za kuuza. Kilo kumi za kapeti na ngozi nene ni kilo kumi za dawa zilizoachwa kiwanjani, na zikiwekwa nyuma mno huivuta ndege mkia. Ndiyo maana sheria za anga hudai ndege ipimwe upya baada ya kazi kubwa ya ndani, na uzito mpya uandikwe kwenye hati zake. Skrubu ya chuma cha kawaida karibu na dira huipotosha dira. Skrubu hiyo hiyo ikigusana na alumini katika hewa ya chumvi huifanya alumini iliwe. Sponji ya kochi, ile inayouzwa kwa mita mtaani, ikishika moto hutoa moshi wa sumu unaoua kabla moto haujafika. Katika orodha hii hakuna hata kimoja kinachohusu uzuri.

La tatu huja kutoka kwa watu wetu wenyewe, nalo linaniuma zaidi. Husemwa kwamba pwani hii haikuwa na ufundi wa kazi kama hiyo, kwa hiyo ilikuwa lazima ndege zipelekwe Nairobi, au Afrika Kusini. Hilo si kweli kwa upande wa mikono. Pwani ya Kilwa imeunda na kutunza majahazi kwa karne nyingi, na kazi hiyo ina utaratibu ambao mkaguzi wa ndege angeutambua mara moja: chombo hupandishwa pwani, hutolewa vitu vyote vya ndani, hukaguliwa mbao moja moja, hukalafatiwa upya, hupakwa shahamu na chokaa chini na sifa juu, ndipo hurudishwa majini. Hakuna nahodha aliyeita hayo pambo. Washona matanga walijua uzi gani unaozeshwa na chumvi na upi hauozeshwi. Mafundi wa makochi wa Lindi na Mtwara wamekuwapo muda mrefu. Kilichokosekana ni karatasi. Sheria hudai kila kitambaa kiwe na cheti cha jaribio la moto, kila mkanda uwe na namba, na kazi yote isainiwe na mhandisi mwenye leseni. Sheria hiyo ni nzuri. Moshi haumjui mzalendo. Lakini haikatazi fundi wa Lindi ashone, mradi kitambaa kiwe na cheti na mwenye leseni asimamie. Njia ya kuwaunganisha watu hawa wawili, fundi mwenye mkono na mhandisi mwenye saini, haikuwahi kufunguliwa kusini. Huo ni uamuzi wa watu, na kuuita ukosefu wa ufundi ni kuwaonea waliokuwa nao.

Sasa hali inabadilika, na si polepole. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, ilianza kutumika mwaka 2004, na kisiwa hicho kina kiwanja chake. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, na wageni wengi hufika Kilwa Masoko kwa ndege ndogo. Mradi wa kusindika gesi umepangwa kujengwa Likong'o, kaskazini mwa mji wa Lindi. Siku utakapoanza, Kikwetu haitabaki kiwanja kitulivu. Ndege zitakazokuja nyingi zitakuwa na umri wa miaka thelathini au arobaini, zimekarabatiwa mara mbili au tatu katika nchi tofauti, na zitalala usiku kwenye hewa ile ile iliyozishinda Sopwith za 1915.

Kwa hiyo nina maneno kwa watu wawili. Walio na madaraka juu ya viwanja vya kusini wajenge mabanda ya kulazia ndege yenye kivuli na hewa, na chuo cha ufundi cha mkoa kifikirie darasa la ushonaji wa ndani ya vyombo vya anga chini ya wahandisi wenye leseni. Cherehani nzito na meza ndefu hazigharimu kama injini. Na mwenye ndege anayetaka kuitia viti vipya, asianze na sampuli za ngozi. Atoe viti, avue kapeti, abandue blanketi la ukutani mpaka bati lionekane, apige picha, aweke picha hizo pamoja na hati za ndege. Daftari za ndege zilizozeeka kusini, zenye saini za mafundi na tarehe za kila kilichovuliwa na kurudishwa, zisichomwe wala zisiuzwe na makaratasi mengine. Zipelekwe kwenye nyaraka za taifa, kwa kuwa ndani yake mna historia ya pwani hii ambayo bado haijaandikwa popote pengine.